Ua la kwenye picha halinukii, mbona yule mama alisikia harufu?

Wiki ya maulidi nilitundika picha zangu kumi na moja kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya shangazi huku Mkomani, manake wiki ile ya mwisho ya Mfungo Sita Lamu hujaa wageni mpaka vichochoroni watu wanapishana kwa bega. Picha zote za maua. Asmini, waridi, kilua, langilangi, na moja kubwa ya kikuba, kishada cha maua ya kunukia, kilicholazwa juu ya leso nyekundu. Akaja mama mmoja mtu mzima, buibui lake na kikapu chake mkononi, akasimama mbele ya kile kikuba kimya, halafu akafumba macho akavuta pumzi ndefu kabisa kama mtu anayenusa, na machozi yakamtoka. Nikamshikia kikapu. Akaniambia, "Mwanangu, nasikia harufu ya nywele za mamangu."

Basi hapo ikawa mjadala. Waliokuwa wamekaa barazani walikuwa wamesikia kila kitu, mmoja akasema nimechanganya rangi na mafuta ya asmini ili nivutie wanunuzi, mwengine akasema asmini huita majini tangu zamani na picha hiyo isiwekwe chumba cha kulala, wa tatu akasema ni utu uzima tu, mama kachoka kwa jua na safari. Mpaka leo nikipita njiani nasimamishwa nielezwe au nielezee. Na mie jambo hili nalipenda, nachora maua miaka yote hii kwa sababu ya jambo hili hili, kwa hiyo nimekaa nimesoma na nimeuliza, na leo naliandika lote mara moja.

Tuanze na maneno, manake nusu ya ubishi ni watu kutumia neno moja kwa vitu viwili. Kunuka na kunukia kila mtu anajua tofauti yake, cha kunukia kizuri, cha kunuka kibaya. Lakini harufu yenyewe ni nini? Ni vipande vidogo mno vya kitu, jicho haliwezi kuviona, vimebanduka kwenye ua vikaelea na hewa mpaka ndani ya pua yako. Yaani ukinusa asmini, kiasi kidogo cha asmini kimeingia mwilini mwako kweli kweli, si maneno ya kishairi hayo. Picha haitoi vipande hivyo. Rangi ya akriliki ikishakauka haitoi kitu, na yule jamaa wa mafuta nimjibu hapa hapa: akriliki ni rangi ya maji, ukiitia mafuta haishiki vizuri kwenye kanvasi, itabanduka. Sikutia.

Kumbukumbu nayo ni ya aina nyingi. Kuna ile ya kujua tu, kama unavyojua Nairobi ndio mji mkuu, hukumbuki ulijifunza siku gani wala ulivaa nini. Na kuna ile ya kurudi, unajikuta uko pale tena, una miaka sita, umekaa kwenye mkeka chuoni na mwalimu anakuja. Ya yule mama ilikuwa hii ya pili.

Na kikuba, kwa msomaji asiye wa pwani: ni asmini na rehani na majani mengine ya kunukia, yamefungwa pamoja kishada kidogo, mwanamke anavaa kifuani au anachomeka kwenye nywele, hasa usiku na hasa siku za furaha. Kutengeneza vitu hivi huanza na kutunga. Unatunga asmini kwenye uzi, moja moja. Neno hilo kutunga naomba ulishike vizuri, kwa sababu ndilo tunalotumia pia kwa shairi, na mie naamini ndilo linaloeleza kumbukumbu kuliko neno lolote.

Sasa tuingie kichwani. Na mfano ulio mzuri kuliko yote ninao hapa hapa, ni nyumba ya mawe ya Lamu.

Nyumba zetu za zamani zina mpango wake. Mgeni anafika daka, anakaa kwenye viti vya mawe pale nje, anapiga hodi. Akikubaliwa anaingia tekani (kibaraza cha ndani), halafu kiwanda (uwanja wa ndani ulio wazi juu), halafu msana (chumba kirefu), na kule mwisho kabisa, mahali pa siri na pa heshima, ndio ndani. Mgeni wa kawaida hafiki ndani. Ubongo nao uko hivyo hivyo. Habari za macho, za masikio, za ngozi, zote zikifika zinasimama kwanza kwenye kituo kilicho katikati ya ubongo kinachoitwa talamasi, pale zinapokelewa na kupangwa na kupelekwa panapostahili. Talamasi ndiyo daka. Lakini harufu haipiti daka. Unazijua zile wikio, vile vivuko vya juu vinavyounganisha nyumba moja na ya pili juu ya kichochoro, ambavyo wanawake walipita kwenda kwa jirani bila kushuka njiani? Harufu inapita kwenye wikio. Kutoka puani inaingia kwenye kifundo kidogo kilicho chini ya ubongo upande wa mbele, na kutoka hapo moja kwa moja iko ndani, jirani na vyumba viwili: kimoja ni amigdala, penye hofu na mapenzi na huzuni, cha pili hipokampasi, penye kushughulikia kumbukumbu. (Hipokampasi jina lake lina asili ya Kigiriki na maana yake ni farasi wa baharini, kwa sababu ukiitoa ina umbo lile lile la yule samaki mdogo ambaye wavuvi wetu wanamjua.) Baadaye harufu nayo hupelekwa kwengine ipewe jina, lakini wakati huo moyo umeshaguswa. Ndio maana unaweza kusikia harufu ukataka kulia kabla hujajua ni harufu ya nini.

Na angalia lugha yetu inavyosema, kusikia harufu. Hatusemi tumeiona. Kusikia ni kwa sauti, kwa maumivu, kwa njaa, kwa uchungu, vitu vinavyokuja vyenyewe hujaviita. Wazee waliosema hivyo walikuwa wamelichunguza jambo.

Puani kwenyewe kuna vipokezi, na hili wala halijajulikana zamani sana. Wanasayansi wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitoa utafiti wao 1991 ulioonyesha jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 wakapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Binadamu tuna aina kama 400 hivi zinazofanya kazi. Wengine wanafikiri kila kipokezi kina harufu yake moja, cha waridi, cha samaki, cha udi, hapana. Ni kama herufi. Kiarabu kina herufi 28 na kwa hizo 28 watu wameandika bahari ya vitabu, sasa wewe una herufi 400. Asmini moja inaandika neno refu lenye herufi nyingi, na ndani ya neno hilo kuna kitu kinaitwa indoli ambacho kikiwa kingi peke yake kinanuka vibaya, kinapatikana hata kwenye choo. Ndani ya asmini kimo kidogo tu na bila hicho asmini inakuwa kama sabuni. Kunuka na kunukia vimekaa kwenye ua moja. Mimi nilipolisoma hilo nilikaa kitako.

Haya, sasa majini. Sisemi kama majini hayapo, hayo ni ya dini na siyagusi, nasema tu kwamba asmini kunukia usiku kuna sababu yake iliyo wazi. Asmini zetu hufunguka jua likizama na asubuhi zimeshalegea, ndio maana tukiwa wadogo tulitumwa kuzichuma alasiri zikiwa bado vitumba, zitungwe, zije kufungukia kichwani kwa bibi harusi. Ua jeupe lenye harufu kali usiku linamwita nondo. Nondo anaruka gizani, rangi nyekundu haimfai kitu, anafuata weupe na harufu. Mlangilangi nao harufu yake huwa kali zaidi usiku. Kwa hiyo ukipita ukuta wa mtu saa nne usiku ikakupiga harufu mpaka nywele zikasimama, ua lile halina habari na wewe, linamngoja mdudu wake.

Turudi kwa yule mama, kwa sababu suala bado liko pale pale. Picha haina harufu. Mbona aliisikia?

Mwaka 2004 watafiti huko London walifanya hivi: waliwaonyesha watu picha za vitu, na baadhi ya picha zilikuja pamoja na harufu. Baadaye wakaonyeshwa zile picha peke yake, hakuna harufu yoyote, huku ubongo wao unapimwa na mashine. Picha zilizowahi kuja na harufu ziliamsha sehemu ya ubongo inayoshughulika na harufu. Pua haikupata kitu, lakini sehemu ya harufu ikaamka. Miaka miwili baadaye, 2006, watafiti wa Hispania wakaona kwamba hata kusoma tu neno la kitu chenye harufu kali, mdalasini kwa mfano, kunaamsha sehemu hizo hizo. Neno tu! Basi kikuba kizima chenye rangi na vivuli, kimewekwa juu ya leso kama alivyokiweka mamake, kitashindwa vipi?

Kwa hiyo mama hakusema uongo, na hakuchoka. Utu uzima wala hauelezi kitu hapo, ukitaka kujua ni kinyume. Wazee wakipewa harufu na kuulizwa inawakumbusha nini, kumbukumbu nyingi zinazokuja ni za utotoni, kabla ya miaka 10, wakati wakipewa maneno au picha za kawaida zinakuja zaidi za ujana, miaka 10 mpaka 30 hivi. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba harufu hushikamana na jambo la kwanza ililokuja nalo na haiachi kirahisi. Na mtoto wa Lamu anazisikia hizi mapema sana, amebebwa, kichwa chake kiko shingoni kwa mama mwenye kikuba, hajui kusema hata neno "ua". Ndio maana marashi yale yale ya mwaridi mmoja, mtu mmoja akirashiwa anaona harusi na mwengine anaona mazishi ya babake. Hakuna aliyekosea.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wengi wanalikosea, hata wasomi, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Watu wanadhani kumbukumbu ni picha ya simu. Umepiga, imehifadhiwa, ukitaka unafungua unaikuta vile vile. Na kwa hivyo wanadhani mchoraji wa maua naye ni kamera ya polepole, ana kazi ya kunakili.

Hapana. Kumbukumbu hutungwa. Kila ukikumbuka unatunga upya, unachukua vitumba vilivyopo, hiki cha harufu, hiki cha sauti, hiki cha mahali, unavipitisha kwenye uzi, na kama kimoja kimepotea mkono unachukua kinachofanana nacho bila wewe kujua. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alilionyesha hili tangu 1932, aliwapa Waingereza hadithi ya kigeni ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, wakawa wanaisimulia tena baada ya muda, na mitumbwi ya kwenye hadithi ikawa mashua, mambo yasiyoeleweka kwao yakadondoka, hadithi ikawa ya Kiingereza. Hawakudanganya, walitunga. Na mtafiti Rachel Herz ambaye amefanya kazi sana juu ya harufu anasema kumbukumbu inayoletwa na harufu haishindi nyengine kwa usahihi, inazishinda kwa uzito wa hisia. Hilo ni muhimu sana. Ikija kwa nguvu, tunadhani ni kweli yote.

Yule mama baada ya kujipangusa macho alinisogelea akaninyooshea kidole kwenye picha, akasema, "Na hapa uliweka kadi, nimeiona." Kadi ni ua la mkadi, ule mti wa majani marefu yenye miiba, na wanawake wa zamani walipenda sana kuitia kwenye vikuba. Mimi sikuweka kadi. Niliangalia picha nikamwangalia yeye. Pale alipoonyesha palikuwa na jani la rehani lililokunjika na kivuli cha manjano kutoka ukutani. Mamake ndiye aliyekuwa akitia kadi. Sikumbishia, ningembishia nini.

Na mchoraji anafanya hayo hayo, kwa makusudi. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 na ya 18 walikuwa mabingwa wa maua, mmoja wao mwanamke, Rachel Ruysch, aliyezaliwa 1664 na kufariki 1750, babake alikuwa mtaalamu wa mimea. Ukitazama mashada yao unaona maua yamejaa chombo kimoja kana kwamba yamechumwa asubuhi hiyo, kumbe mengine ni ya majira tofauti, hayawezi kuchanua pamoja. Walichora kila moja kwa wakati wake kisha wakayakusanya. Shada lile halikuwahi kuwepo duniani. Lakini hakuna anayesimama mbele yake akasema ni la uongo.

Nieleze kidogo kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu naulizwa pia mbona nachora maua meupe siku zote, rangi nyeupe si rahisi? Wallahi ndiyo ngumu kuliko zote. Ukichukua nyeupe ukaipaka kama ilivyo unapata kitu kama plasta ya ukuta, hakuna ua. Asmini nyeupe ukiitazama kwa dakika kumi bila kusema na mtu utaona haina weupe, ina kijani karibu na kikonyo kwa sababu jani linairushia rangi yake, upande wa pili ina manjano ya ukuta wa chokaa, kwenye kivuli ni buluu nyepesi, na weupe wenyewe uko mahali padogo kama kichwa cha sindano. Akili inajua asmini ni nyeupe na kwa hiyo inakwambia ni nyeupe, inakufichia yale yote. Kuchora ni kuibembeleza akili inyamaze ili macho yaseme.

Halafu saa ya magharibi kila kitu kinabadilika tena. Jaribu leo, tazama mwaridi mwekundu kabla ya adhana, ukitoka msikitini utazame tena, ile nyekundu imekuwa karibu nyeusi na majani ambayo mchana yalikuwa hafifu sasa ndiyo yanayong'aa. Mcheki mmoja wa karne ya 19, Purkinje, aliliona hilo kwenye maua na jambo lenyewe likapewa jina lake. Jicho lina seli za mwanga mkubwa na seli za mwanga hafifu, zikipokezana zamu nyekundu inazama, buluu na kijani zinapanda. Mimi vikuba vyangu nachora rangi za saa hiyo, kwa sababu bibi yangu alikuwa akitunga saa hiyo. Alikaa msana, mguu mmoja ameunyoosha, uzi ameufunga kwenye kidole gumba cha mguu, ananiita, "Ndoo mwanangu, nishikie sahani." Nikichora asmini saa tatu mfululizo kile kidole cha mguu kinakuja. Siku nzima sikukifikiria, naweka brashi ya kijivu kwenye kivuli kile pale kinakuja.

Hili nalo lina maelezo. Watafiti wa chuo kikuu cha Waterloo, Kanada, walitoa utafiti mwaka 2016, waliwapa watu orodha ya maneno, mengine wayaandike na mengine wayachore, na yale yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi, hata mchoro ukiwa mbaya. Ukichora kitu unakifikiria maana yake, unakiona, na mkono unakifanya, njia tatu zote zinaingia pamoja. Kwa hiyo wanaoniambia "mie sijui kuchora" nawajibu, chora hivyo hivyo.

Na nina sababu nyengine ya kuamini haya yote, nayo si ya vitabuni. Wakati wa corona nilipoteza harufu, wiki saba. Homa iliisha kwa siku nne lakini pua ikawa kama ukuta. Pilau ilikuwa mchanga, udi ukawa moshi tu, na nilipomchukua mtoto wa dada yangu nikamnusa kichwa hakukuwa na kitu, hilo ndilo lililoniliza. Nilikaa kuchora asmini nikachora vizuri kwa mkono, kila jani mahali pake, lakini kidole cha bibi hakikuja. Picha ile ninayo bado, nimeigeuza uso ukutani. Baadaye ndipo nikasoma kwamba corona mara nyingi haiui zile neva za harufu zenyewe, inapiga seli zinazozihudumia, ndiyo sababu wengi wetu tulipona. Na kuna mazoezi ambayo daktari wa Ujerumani, Thomas Hummel, na wenzake waliyatangaza 2009, kunusa vitu vinne asubuhi na jioni kwa wiki 12: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Nilipoisoma orodha hiyo nilicheka kwa furaha, vitatu vilikuwa jikoni kwa mama tayari. Nikawa nanusa kila siku, karafuu ndiyo iliyorudi kwanza, kama mtu anayesema nawe kutoka nyumba ya tatu. Ukiwa na mzee nyumbani ambaye anaanza kupoteza harufu bila mafua wala sababu, usiseme ni uzee tu, mpeleke kwa daktari, kwa sababu mara nyengine ni dalili ya mapema ya maradhi ya ubongo.

Naulizwa pia na vijana mbona waridi wanalonunua la kumpa mchumba halinukii. Si pua yako. Mawaridi mengi ya biashara, yakiwemo yanayolimwa kule Naivasha kwenda ng'ambo, yamechaguliwa kwa vizazi yawe na shina refu na yadumu kwenye chombo, na harufu ikapotea njiani. Mwaridi wa uani kwa bibi haudumu siku mbili lakini unajaza nyumba.

Suala la picha na dini limekuja mara nyingi, na mie si wa kutoa fatwa, aulizwe mwenye elimu. Ninalojua ni kwamba kwenye Sahih Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, kuna riwaya ya sahaba Ibn Abbas kumwambia mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza picha, kama huna budi basi chora miti na vitu visivyo na roho. Na mafundi wetu waliochonga milango ya Lamu waliijaza maua na majani, pitia kichochoro chochote uinue macho. Nachora nikiwa kwenye njia yao.

Na mkilua, jamani. Asmini ina asili ya Asia ya kusini, langilangi ni wa Asia ya kusini mashariki, bougainvillea ambayo watalii wanaipiga picha ukutani kana kwamba ni ya Lamu ilitoka Amerika Kusini (na ile rangi yake si ua, ni majani, ua ni kile kidoti cheupe katikati). Zote tumezipokea na ni zetu. Lakini mkilua ni mti wa hapa hapa, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt alipoupa jina la kisayansi aliuita Mkilua fragrans. Neno la mabibi zetu limeingia kwenye vitabu vya dunia lilivyo, na m- yake. Kila nikichora kilua huandika jina hilo nyuma ya kanvasi.

Kuhusu kadi. Baada ya yule mama kuondoka niliona haya, kwa sababu nimechora vikuba miaka na kadi nilikuwa naijua kwa jina tu, siku hizi hawaitii sana. Nikauliza, nikaambiwa kuna mkadi mmoja upande wa mashambani, nikaenda na mtoto wa shangazi, tukakatiwa ua moja na mzee wa shamba, nikalinusa pale pale chini ya mti. Sitaweza kuielezea. Nilitegemea kuwa nitamwona bibi, au harusi, au chochote cha utotoni, kwa sababu ndivyo ninavyowaelezea watu. Sikumwona bibi. Sasa kila nikisikia kadi anayenijia ni yule mama, amefumba macho pale dakani, na mie nimeshika kikapu chake.